Wachezaji gemu ni watani, si maadui

Mhariri,

Juma lililopita niliketi na wanangu wawili kutazama filamu ya vichekesho ya familia kwenye televisheni, ile ya aina tunayoijua: vijana wawili mahodari wa gemu, hawapikiki chungu kimoja, na mashindano makubwa yanawasubiri mwishoni. Tulicheka sana, na ningependa filamu za namna hii ziendelee kutengenezwa. Ni chache mno ambazo mtoto wa miaka tisa na mzazi wake wanaweza kuzitazama pamoja bila mmoja kusinzia au mwingine kuona haya. Lakini ilipofika fainali binti yangu aliuliza swali lililonifanya nikuandikie: "Mbona anabonyeza tu, na mtu wake amesimama?"

Alisema kweli. Mwigizaji alikuwa akitikisa pedi ya kuchezea gemu kama anayefukuza nyuki, vidole vikirukaruka juu ya kila kitufe, huku mpiganaji wake kwenye skrini hajainua hata mkono. Kamera ikabaki kwenye nyuso: jasho, macho yaliyotoka, mayowe. Mchezo wenyewe tuliuona kufumba na kufumbua. Anayetengeneza filamu ya mpira wa miguu hathubutu kutuficha mpira. Gemu inafichwa kwa nini?

Nahisi waandishi wa filamu hizi wanaamini hakuna cha kuona. Nawaomba watafute pambano moja la mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko California, gemu ikiwa ile ya mapigano, Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani alimtumia mpiganaji wa gemu aitwaye Ken, mpinzani wake Justin Wong wa Marekani akamtumia Chun-Li. Uhai wa Ken ulikuwa umebaki uzi. Kwa kanuni za gemu ile, pigo maalumu hata ukilikinga linakumega kidogo, na kidogo hicho kingetosha kummaliza. Wong akaachia shambulio kubwa la Chun-Li, mapigo 15 mfululizo. Umehara asingeweza kujikinga kwa kurudi nyuma. Ilimbidi asukume kijiti cha kuongozea mpiganaji mbele, kuelekea kwenye teke linalokuja, kwa wakati uleule linapotua. Akiwahi au akichelewa hata kidogo, kwisha. Na lile la kwanza ilibidi alibashiri. Akapangua yote 15, la mwisho akiwa hewani, kisha akajibu na kushinda raundi. Ukumbi ulikuwa umeshalipuka kwa kelele kabla hajamaliza kupangua, maana kila aliyekuwepo alielewa anachokiona.

Hapo pana kila kitu ambacho mtunzi wa vichekesho au wa tamthilia angekiomba: hatari iliyo wazi, kanuni inayoelezeka kwa sentensi mbili, na kijana anayesogea mbele pale ambapo mwili wote unataka kurudi nyuma. Mwanangu mdogo hajawahi kucheza gemu ile, lakini nilipomweleza kuhusu kijiti alinielewa mara moja. Tena Umehara hakutwaa ubingwa siku ile; alimaliza wa pili. Watu waliobaki wakilisimulia pambano lile miaka yote hii hawasimulii kombe.

Hilo ndilo linanipeleka kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika filamu tuliyotazama, mpinzani ni adui. Ana majivuno, anaiba mbinu, na mwisho anaaibishwa mbele ya umati huku muziki wa furaha ukipigwa. Mwanangu alicheka, kisha akauliza, "Na yeye si alifanya mazoezi?" Sikuwa na jibu. Kiswahili kina neno zuri kwa uhusiano ulio kati ya wachezaji wawili wa kiwango kimoja: ni watani. Mtani anakuudhi, anakucheka ukianguka, lakini hakuna anayekujua kama yeye. Anajua kwamba ukiogopa unaruka. Anajua kitufe unachokimbilia ukibanwa kwenye kona. Amekaa saa nyingi akichunguza tabia zako kuliko ndugu yako wa tumbo moja alivyowahi kufanya. Vijana wawili wanaoapa kwamba hawawezi kukaa chumba kimoja, na kila mmoja anamjua mwenzake hadi anavyopumua: kicheko kinatokea hapo chenyewe, bila kummwagia mtu soda kichwani.

Wong na Umehara walikutana tena mara nyingi baada ya mwaka ule, na watu walijaa kuwatazama. Hakuna aliyehitaji mmoja wao awe mwovu.

Nina mengine mawili. Filamu hizi bado zinamtumia msichana kama mshangao: bingwa asiyejulikana anavua kofia, kumbe ni msichana, wote wanaduwaa. Li Xiaomeng wa China alitwaa fainali za dunia za gemu ya karata ya Hearthstone mwaka 2019, na binti yangu hushika pedi kila siku. Aoneshwe akicheza tangu dakika ya kwanza. Na baba wa filamu, yule anayechomoa waya katikati ya pambano, anastahili kuandikwa kwa uangalifu zaidi. Hofu yake si ya kipuuzi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mzazi anayeogopa, anayeuliza maswali mabaya, anayeshika pedi kichwa chini miguu juu na hatimaye anaelewa kwa nini mwanawe alikuwa akilia, huyo nitamcheka na nitamlilia. Anayechomoa waya tu nimeshamwona mara nyingi mno.

Filamu ilipokwisha, wanangu waliwasha gemu yao. Mdogo alipigwa raundi tatu mfululizo. Baada ya ya tatu hakununa wala hakutupa pedi. Alimgeukia dada yake akasema, "Nioneshe ulivyonikamata." Dada akarudi mwanzo, polepole, akamwonesha.

Wako,
Mzazi wa wachezaji wawili