Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu Ngomeni

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Kwa miaka mingi maigizo yetu ya Fort Jesus, ngome ya Wareno Mombasa, yaliishia kwenye mapanga: askari wa Oman anapanda ukuta, Mreno anaanguka, makofi, kisha watu haoo madafuni. Safari hii kamati iliamua tuigize njaa. Ngome ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi yaliua wengi humo kuliko risasi.

Tulichagua Agosti 1697. Kamanda Mreno amekwisha kufa, na askari wake karibu wote. Anayeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, mshirika wa Wareno, akiwa na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hamsini! Basi akina mama wa chama, waliozoea kushona mavazi ya wengine, ndio waliobeba igizo zima. Walitwanga, waligawa maji kwa kipimo, walishika zamu ukutani wakitazama bahari kama kuna tanga la msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India. Watoto wa shule waliokuja wakisubiri mapigano walinyamaza kimya walipoona kibaba cha mwisho kikigawanywa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora tuliyowahi kufanya.

Mzozo haukukosa. Leso za maandishi hazikuwako 1697, kwa hiyo tulizikataa, tukavaa nguo zisizo na chapa. Nasikia wapo ambao bado wamenuna.

Baruti hatukuiomba wala hatutaiomba. Kuta hizo za mawe ya matumbawe zimesimama tangu miaka ya 1590, na tangu 2011 ngome imo katika Urithi wa Dunia. Bunduki zetu ni za mbao, mshindo tunautoa kwa ngoma, na anayetaka kutundika kitu atumie kamba, si msumari.

Baadhi yenu mmependekeza tuigize jela, maana ngome ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kwa sasa napinga. Gereza lililofungwa 1958 si jambo la kale. Huenda babake jirani yako alilala humo. Tukazisikilize familia kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kuvaa pingu mbele ya watalii.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Hatudaiwi, ila viatu vya Kireno vimekwisha kabisa.

Mwakani tunakusudia Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, alipomuua kapteni Mreno wa ngome na kurudi katika Uislamu. Ni kisa kizito, na kikiandikwa kwa pupa kitatugombanisha na majirani. Rasimu itapitiwa na shehe na padri kabla ya mazoezi. Anayetaka nafasi ajiandikishe kwa katibu leo. Ya Yusuf inagombewa na vijana wengi. Ya kapteni bado iko wazi, ila mwombaji ajue kwamba anakufa mapema.