Chapa ya 1/1 pekee haiipi kadi thamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu kadi za wachezaji, zile zenye picha zao ambazo watu hukusanya, hasa hizi zinazochapwa siku hizi. Zikiandikwa magazetini, msomaji huachwa aamini kwamba kadi ikiwa ya pekee duniani basi ni mali. Wanaoumia ni vijana wanaotoa akiba yao yote kununua kitu kwa sababu tu kimegongwa 1/1, yaani nakala ni moja tu.

Kadi nyingi za zamani ziliadimika kwa kuchakaa na kutupwa. Uadimu wa leo hupangwa kiwandani. Kampuni huchapa picha ileile ya mchezaji kwa rangi mbalimbali: hii nakala 50, ile 25, nyingine 5, na ya mwisho moja tu. Mara nyingi huuza pia mabamba manne ya chuma yaliyotumika kuichapa, la samawati, la majenta, la njano na jeusi, na kila bamba huandikwa 1/1. Mchezaji mmoja, toleo moja, tayari "za pekee" ni tano! Na matoleo kwa mwaka ni mengi. Mimi ninalo bamba jeusi la kipa ninayempenda na siliuzi, lakini najua kadi yake ya nakala 25, aliyoitia saini kwa mkono wake juu ya kadi yenyewe na si kwenye stika iliyobandikwa baadaye, ingegombewa zaidi.

Kwenye kadi zenye kipande cha jezi, naomba watu wageuze kadi wasome nyuma. Nyingi zinasema wazi kwamba kitambaa hicho hakihusiani na mechi yoyote mahususi. Kadi ya kampuni ya Topps ya mrusha mpira wa besiboli Paul Skenes ilikuwa na nembo iliyotoka kwenye jezi aliyovaa katika mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, Mei 2024, pamoja na saini yake. Mtoto wa miaka 11 aliikuta ndani ya pakiti, na Machi 2025 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 1.11. Hapo mnunuzi alilipia mechi inayojulikana, tarehe inayojulikana.

Alama za wakaguzi, wanaopima ubora wa kadi hadi 10, nazo zimegeuzwa ibada. Kadi yenye nakala maelfu, tofauti ya 9 na 10 ni fedha nyingi kweli. Isiyo na mwenzake ni habari nyingine: kadi ya mchezaji wa besiboli Mike Trout ya 2009, nakala moja tu, ilikuwa na 9; The One Ring, nayo ya pekee, ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, iliyonunuliwa na mwanamuziki Post Malone mwaka 2023, nayo 9. Anayeitaka ya 10 ataitoa wapi?

Hiyo ya Trout ilinunuliwa kwa takriban dola 400,000 mwaka 2018, ikauzwa dola milioni 3.93 mwaka 2020. Tunazungumzia bei hizo kwa sababu fedha zilitoka mkononi. Bei anayoibandika muuzaji mtandaoni ni matumaini yake tu, na mara nyingi ndiyo inayochapishwa kama thamani. Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wako watutajie kadi iliuzwa lini, kwa kiasi gani, na nakala zake nyingine ni ngapi. Kama haijauzwa, waseme haijauzwa.

Mkusanyaji wa kadi,
Msomaji wako wa siku nyingi