Matembezi ya picha Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni wapendwa, natumai wote wazima. Safari ya Jumamosi ipo palepale ila muda tumeurudisha nyuma, badala ya saa 3 tunakutana saa 12 kasoro robo asubuhi, mlango mkuu wa stesheni, maana jua likishapanda nyuso zinajaa vivuli vikali chini ya macho na hapo hata kamera ya bei mbaya haikusaidii, mwanga mtamu ni ule wa jua linapochomoza.

1. Chaji betri usiku, futa lenzi, acha nafasi kwenye memori kadi. Simu inatosha kabisa jamani, asibaki mtu nyumbani eti hana kamera.
2. Ukipiga watu wanaotembea tumia spidi ya shata (muda kamera inavyofunguka kupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde au kasi zaidi, mwanga ukiwa mdogo pandisha ISO (uwezo wa kamera kuhisi mwanga), afadhali chengachenga kidogo kuliko picha iliyotikisika.
3. Ukimpiga mtu kwa karibu muombe kwanza, mtoto muulize mzazi. Akikataa shusha kamera, mshukuru. Hili silegezi.

Nauli kila mtu anajilipia. Tukirudi chagueni picha 5 tu mzitume humu kama dokumenti, zikitumwa kawaida zinabanwa ubora unashuka. Natamani sana kuona fundi viatu, foleni ya basi, nguo kwenye kamba, vitu tunavyovipita kila siku.

Mwenye pawabenki ya ziada aseme. Naombeni kila mtu ajibu NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, tafadhalini.