Risala ya Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu wa Busia, Uganda, kwa Mgeni Rasmi: Vumbi la Mawe na Maji Tuliyoahidiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC III, baraza letu la kaunti ndogo, viongozi wetu wa dini, wazee, akina mama na vijana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha machimboni petu. Tunajua una shughuli nyingi, na bado umekubali kukaa nasi juani. Mungu akuzidishie.

Kikundi chetu kilianza na sululu za kuazima. Leo kimesajiliwa wilayani, kina akaunti, kina mashine za kusagia mawe, kina timu ya mpira inayoogopwa kila upande, na ofisi uliyoikatia utepe asubuhi hii, yenye bati jipya na sakafu ya saruji, ni maendeleo yasiyo na mfano katika eneo hili. Sheria ya Madini ya mwaka 2022 nayo imetutambua sisi wachimbaji wadogo, tunaishukuru Serikali. Mengine yamo katika taarifa ya mweka hazina.

Mheshimiwa, tunaomba sikio lako kwa jambo moja: vumbi.

Dhahabu ya hapa imo ndani ya kwatzi, mwamba mgumu, kwa hiyo lazima jiwe lipondwe na kusagwa hadi liwe unga. Unga huo umejaa silika, madini yanayounda kwatzi. Ukipita nyuma ya hema hili utawaona akina mama wakiponda kwa nyundo, kope zao nyeupe, wengine na watoto mgongoni. Na hilo linaloonekana silo baya zaidi. Linaloua ni lile ambalo chembe zake hazifiki mikroni 5, yaani sehemu 5 za elfu za milimita, ilhali unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Hilo halikwami puani. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Tulifundishwa na daktari yanayotokea huko, nasi tunataka uyasikie. Katika vifuko hivyo kuna askari wa mwili waitwao makrofeji, ambao kazi yao ni kumeza uchafu na vijidudu na kuvimeng'enya. Silika haimeng'enyeki. Makrofeji akiimeza, humpasua ndani kwa ndani. Naye hutoa intalukini, kemikali ya kuwaita wenzake, kisha hufa. Chembe hutoka ikiwa nzima, na mwingine huimeza. Wenzake hao walioitwa, seli nyingine za kinga kama nyutrofili na limfosaiti, huja kwa wingi, uvimbe hauishi, na seli zinazojenga makovu haziachi kujenga. Pafu hukakamaa, oksijeni ikakosa njia. Ndiyo maana mtu huweza kuacha machimbo na ugonjwa ukaendelea: vumbi limebaki ndani, na kinga yake mwenyewe inaendelea kupambana nalo. Dawa ya kulitoa haipo.

Tena makrofeji hao hao ndio wanaomzuia mdudu wa kifua kikuu. Wakiharibika, TB hupata mlango. Na hata asiye na TB, makovu yake kwenye eksirei huweza kufanana nayo. Mzee mmoja wa kikundi hiki alimeza dawa za TB kwa miezi 6, na makohozi yake hayakuonyesha mdudu hata mara moja. Leo akitoka kwake kwenda barabarani hukaa chini njiani apate pumzi. Ndiye aliyechimba shimo letu la kwanza.

Tumeeleza kwa kirefu kwa sababu wageni wetu hutuuliza kwa nini hatuvai barakoa. Vitambaa tulivyoletewa tulivishukuru na tunavishukuru hadi leo, ila vumbi hili hupenya kitambaa. Linazuiwa lisiruke, kwa kulowesha jiwe kabla na wakati wa kulisaga. Kwa hiyo tunachohitaji ni maji.

Mgeni rasmi wa sherehe iliyopita alisimama hapa hapa. Tulimpigia vigelegele, akaahidi kisima kirefu kabla ya Krismasi. Wapimaji walikuja, wakapiga vigingi, tukawachinjia kuku. Vigingi viwili bado vimesimama nyuma ya ofisi. Vingine vimeliwa na mchwa. Kabla yake yupo aliyeahidi tangi. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, basi. Hatumlaumu mtu, Mheshimiwa. Lakini muda wote huo mashine zimesaga, na vumbi tulilovuta halitoki tena.

Sasa maji tunayanunua kwa jerikeni kutoka kwa vijana wa baiskeli, na yote huishia kuoshea dhahabu. Tunaomba kisima kirefu, pampu ya umeme wa jua, tangi, na mabomba ya kunyunyizia juu ya kila mashine. Kiwanja tumeshakitoa. Mitaro tutaichimba wenyewe, kuchimba ndiyo kazi yetu. Fundi wa pampu tutamlipa kwa akiba ya kikundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inambana mwajiri, nasi hatuna mwajiri wa kumdai; tunao nyinyi viongozi.

Ikiwa ombi hili limezidi uwezo wa ofisi yako, tunakusihi utuambie leo, mbele ya watu hawa. Tutakushukuru kwa ukweli huo, tubishe hodi kwingine. Ukilikubali, katibu ana nakala mbili za risala hii. Chini tumeacha nafasi ya sahihi yako, na ya tarehe ambayo mtambo wa kuchimba kisima utafika.

Tunaomba kuwasilisha. Kwa Mungu na nchi yangu.