Mkanda wa marehemu Kaka Hamisi

Ujiji, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwamini,

Asalamu aleikum. Habari za Tabora, watoto hawajambo, na shemeji mguu umepoa? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema ile asali uliyoleta imebaki harufu tu kwenye chupa. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Bi Tausi, na la Bi Tausi tutalizungumza tukionana, siwezi kuliandika. Leo kuna jambo limenikaa kooni siku ya tatu hii, na hapa nyumbani kila nikilianza naona watu wanaangalia pembeni.

Unalikumbuka banda la video? Sisi wawili nyuma ya ukuta wa matete, kwa sababu Kaka Hamisi alisema wasichana hawaingii, na lile tundu tulilokuwa tunapokezana jicho. Return of the Jedi, ile sinema ya tatu ya Star Wars, mwisho kabisa. Yule mfalme mzee anamchoma Luke kwa umeme wa vidole vyake, kijana anagaagaa chini anamwita baba yake. Baba mtu, Darth Vader, amesimama pale na ile kofia nyeusi isiyo na uso. Anamtazama bwana wake. Anamtazama mwanawe. Anamtazama tena bwana wake. Hasemi kitu. Halafu anambeba yule mfalme juu juu na kumtupa shimoni.

Na mfasiri wetu, Mwamini! Mtu aliyekuwa hanyamazi, anayesemea mpaka ndege na mbwa, siku ile alishusha maikrofoni. Banda zima likawa linasikia jenereta tu. Uliniminya mkono mpaka kucha zikaacha alama. Tangu siku ile nimeona sinema nyingi, lakini sijawahi tena kuona watu mia wakinyamaza hivyo bila kuambiwa.

Sasa sikiliza. Alhamisi mwanangu Idi kaja na flashi, kaingiziwa Star Wars zote tatu za zamani kule Mwanga, Kigoma. Nikaacha dagaa wangu kwenye mkeka, nikakaa naye. Kwa siku mbili nilikuwa namwambia, subiri ufike pale pa mwisho, pale hupumui. Tukafika. Vader anamtazama bwana wake, anamtazama mwanawe, na mimi nimeshika shuka. Mara akasema: Hapana. Kisha akalirudia, akalivuta refu kama mtu aliyekanyaga msumari. Idi akacheka.

Nikarudisha nyuma nikidhani ni makosa ya nakala. Wapi. Nikamwambia, mwanangu, haikuwa hivi, hapa hakuna anayesema kitu. Akanijibu kwa adabu tu, "Mama, labda umesahau, ni zamani sana." Usiku sikulala. Nilikuwa nakutafuta kwenye simu, hukuwa hewani.

Sijasahau. Nimesoma mpaka macho yakauma. Ile sauti iliongezwa mwaka 2011, miaka 28 baada ya sinema kutoka, walipoitoa upya kwenye diski za Blu-ray. Na aliyeruhusu ni George Lucas mwenyewe, mtunzi wake, aliyekuwa mwenye mali. Alianza kuzichokonoa mwaka 1997, akarudia 2004, akarudia 2011. Hata 2019 zilipoingia kwenye huduma ya Disney ya mtandaoni kulikuwa na kipya.

Yule wako Han Solo, yule mtu wa magendo uliyesema ukiolewa na mwingine utalia, naye hakupona. Kwenye ile ya kwanza, ya 1977, amekaa mezani baa, Greedo, msaka watu kwa malipo, kamwelekezea bastola, anaongea naye taratibu huku mkono wake chini ya meza unafungua yake. Anapiga yeye tu. Moshi, anaondoka, anamrushia mwenye baa sarafu. Tulimwogopa, na ndiyo maana mwisho wa sinema, aliporudi kumwokoa mwenzake, tulipiga kelele mpaka tukagunduliwa. Sisi watoto wa ziwani watu wa magendo tunawajua, tulijua mtu wa namna ile harudi bure. Mwaka 1997 wakafanya Greedo apige kwanza, akose, pua kwa pua vile, na kichwa cha Han wakakisogeza kwa kompyuta kukwepa risasi. Eti stelingi asionekane muuaji. Sasa kama tangu mwanzo ni mtu mwema, kurudi kwake mwisho kuna uzito gani?

Linaloniuma zaidi ni la yule mzee. Vader anapovuliwa kofia anatokea mzee mweupe mgonjwa, macho yamechoka, anataka kumwona mwanawe kwa macho yake mwenyewe. Aliigiza Sebastian Shaw. Mwishoni roho yake inasimama pamoja na wale wazee wawili waliomfundisha Luke, inatabasamu. Shaw alifariki 1994. Mwaka 2004 wakamtoa kwenye roho, wakamweka kijana Hayden Christensen, aliyeigiza ujana wa Vader kwenye sinema zilizofuata. Kwa hiyo Luke anamuaga mzee, anatokewa na kijana ambaye hajawahi kumwona maishani, naye anatabasamu kama anamjua. Mimi baba yangu nilimzika na mvi zake. Akinijia ndotoni anakuja na mvi zake. Huyo mwenye umri wa miaka ishirini na kitu angekuja kunitafuta mimi kwa lipi?

Utaniambia kama ulivyoniambia siku ile gatini: hata meli yetu Liemba waling'oa injini za mvuke wakaweka za dizeli, na bado ni Liemba. Nimelifikiria hilo. Meli inabeba watu, lazima iende. Ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, isingebadilishwa ingekuwa chuma cha kutagia samaki. Sinema haibebi mzigo wa mtu. Inabeba vile ilivyokuwa siku ile, basi. Na tena Liemba ni moja, lakini sinema unaweza kuweka ya zamani na mpya rafu moja, kila mtu akachukua yake. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Wabadilishe mpaka wachoke, lakini wasituondolee ile ya zamani. Mara moja, mwaka 2006, walizitoa za zamani kwenye DVD kama nyongeza, zimenakiliwa kutoka kwenye kazi ya diski za 1993, picha hafifu, kama mtu anayempa mgeni makoko.

Na Lucas huyohuyo, Mwamini, mwaka 1988 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kuwasema matajiri waliokuwa wanapaka rangi sinema za zamani za nyeusi na nyeupe. Alisema wanaoharibu kazi za sanaa kwa ajili ya faida ni washenzi. Alisema urithi ule ni wa umma. Niliposoma nilisimama nikatoka nje kupunga upepo.

Mwongozaji mwenzake Spielberg naye aliteleza. Sinema yake E.T. ya 1982 aliitoa tena 2002, bunduki za askari wanaowafukuza watoto amezifuta, kawashikisha redio za upepo. Lakini alijutia, akasema hadharani, na 2012 bunduki zikarudi. Kumbe inawezekana.

Sasa ombi langu. Ulipoolewa ulichukua lile sanduku la bati la Kaka Hamisi, Mungu amrehemu, na mikanda yake ya deki ilikuwa mle. Ule wa Return of the Jedi ni wa kabla ya 1997, najua kwa sababu banda lilifungwa kabla sijaingia kidato cha kwanza. Una karatasi nyeupe ubavuni, kaandika kwa kalamu nyekundu NYOTA 3. Nautaka, Mwamini. Sitaki picha nzuri. Nataka Idi asikie ule ukimya.

Ukiupata usiutie kwenye deki yoyote, tafadhali. Uchungulie kwanza kwenye kile kidirisha: kama utepe una vumbi jeupe pembeni huo ni ukungu, ukizungushwa unaweza kukatika na kuchafua deki. Ufunge kwenye kitambaa kikavu, usikae juani wala karibu na jiko. Huku Mwanga yupo kijana anayehamisha mikanda ya harusi kwenye flashi, nimeshaongea naye. Mpe mtu anayepanda treni, lakini aushike mkononi, usiingie kwenye behewa la mizigo. Mimi nitakuletea mawese na migebuka ya kubanika, na safari hii sitampa Bakari abebe.

Je, sanduku liko kwako bado au lilikwenda kwa mama mkwe? Panya hawajaingia? Na wewe ule ukimya unaukumbuka, au niko peke yangu? Uniambie kweli, usinifurahishe. Halafu, hili ndilo linalonitia wasiwasi: Kaka Hamisi alikivunja kile kijino cha nyuma ya mkanda ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Nilimwona, alikivunja kwa kisu cha samaki. Lakini ukiziba pale kwa selotepu unarekodi kama kawaida. Angalia kwanza hapo kabla ya yote. Harusi ya wifi yako ile ya 1999, walirekodi kwenye mkanda gani?

Nijibu upesi,
Rehema wako