Barua kwa vijana wa fomu four mnaokuja Kisumu kuangalia vyuo

Wanangu na wajukuu zangu mlio Busia, Bungoma, Mumias, Siaya na huko Vihiga, salaam nyingi. Msimu wa kuangalia vyuo umefika tena na nawaona kila asubuhi hapa bus park mkishuka na bahasha za kaki mkononi, wawili wawili, watatu watatu, mwingine na shangazi yake, mwingine peke yake kabisa, na wengi mnasimama hapo hamjui kama ni kushoto ama ni kulia. Mimi nimeendesha matatu ya Kisumu–Busia miaka na mikaka, sasa niko na duka dogo karibu na steji, kwa hivyo hii barabara naijua na watu wake nawajua, wazuri na wabaya. Nimeona heri niwaandikie mkiwa bado nyumbani, maana ukishashuka kwa gari kila mtu anakuvuta upande wake na huwezi kusikia ushauri wa mtu.

Kwanza mjue mji hautawapoteza kwa ukubwa. Kisumu ya katikati unaizunguka kwa siku moja na miguu yako. Kinachopoteza watoto hapa ni majina.

Chukueni jina la Jaramogi. Katikati ya mji kuna barabara ya Oginga Odinga. Upande wa Kondele kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile sisi tunaita Russia mpaka leo kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Halafu kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, na hicho kiko Bondo, kilomita kama 60 kutoka hapa, unapita airport unafika Kisian unaacha barabara ya Busia unashika ya kushoto. Juzi kijana ametoka Port Victoria, kaunti ya Busia, alfajiri, ameshuka hapa amepanda boda akasema tu nipeleke Jaramogi, na yule wa boda kwa roho safi kabisa akampeleka hospitali, kijana akaanza kuuliza askari wa geti ofisi ya kusajili wanafunzi iko wapi, kurudi steji ni saa saba, pesa ya boda imeenda mara mbili, na gari ya Bondo bado haijajaa. Hakuna aliyemdanganya. Tena huyo ametoka Busia, angepitia Siaya angefika Bondo bila kuona Kisumu hata kidogo.

Maseno ni hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Maseno kina kampasi hapa mjini, lakini kampasi kuu iko Maseno yenyewe, kama kilomita 25 kwa barabara ya Busia, pale ikweta inapita na kuna kibao chake. Sasa wewe mtoto wa Busia ama Ugunja ama Luanda unakuja mpaka Kisumu kutafuta Maseno na umepita geti yake ukiwa umelala dirishani! Nimebeba wengi wa namna hiyo na inaniuma kila mara kwa sababu hiyo nauli ya ziada mzazi ameuza kuku kuipata. Na hata ukishuka Maseno uliza vizuri, kile chuo kilianza kwa kuunganisha chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali, kwa hivyo kina pande zake, mtu akikwambia njoo Siriba basi sema Siriba, usiseme tu chuo.

Mnaoenda Kakamega, Masinde Muliro ni chuo kikuu lakini pia kuna Muliro Gardens katikati ya mji, ukisema Muliro tu utashushwa kwa bustani. Chuo kiko kwa barabara ya Webuye, na wewe unayetoka Bungoma ukipitia Webuye utafika kwake kabla ya kufika mjini, mwambie konda mapema.

Kwa hivyo kabla hujatoka nyumbani chukua karatasi, karatasi ya kawaida, si simu peke yake kwa sababu simu inazima, uandike jina kamili la chuo, kampasi gani, mji gani, ofisi gani unaenda na namba ya simu ya hiyo ofisi. Piga hiyo namba siku moja kabla na uwaulize hivi: nikitoka kwetu nishuke steji gani? Watu wa ofisi za vyuo wanaulizwa hilo swali kila siku, hawatakucheka. Weka hiyo karatasi mfukoni mbele, na nakala za vyeti kwa bahasha, orijino ziache nyumbani kama hujaambiwa uzibebe.

Sasa steji. Hapa nitakaa kidogo.

Ukishuka utazungukwa na manamba, huyu anashika begi, huyu anashika mkono, wanataja miji yote kwa pumzi moja. Usiwaogope, wengi wanatafuta chakula ya watoto wao kama baba yako tu, lakini pia usiwape begi. Shika begi yako mbele, sema asante naenda, na utembee kama mtu anajua anakoenda, hata kama hujui, mpaka ufike mahali pa kusimama. Halafu uliza mtu aliyekaa. Hilo ndilo neno langu kubwa kwenu kwa hii barua yote. Uliza mama wa mandazi, fundi wa viatu, yule wa kuuza magazeti, mwenye duka, askari wa benki. Mtu aliyekaa mahali pamoja kila siku hana haja ya kukupoteza, kesho atakuwa hapo hapo na watu wanamjua. Yule anayekukimbilia ndiye wa kuangalia mara mbili. Na usiulize mmoja, uliza wawili, wakikubaliana basi nenda.

Kuna ujanja mwingine wa magari lazima mjue. Utaona gari karibu imejaa, kiti kimoja tu kimebaki, manamba anapiga kelele mmoja aende, mmoja aende! Unaingia haraka, unalipa. Dakika mbili yule wa mbele anashuka ati ananunua maji, mwingine anapokea simu anatoka nayo, yule wa nyuma anakumbuka kitu, na kufumba na kufumbua mko watatu ndani na mtakaa hapo saa nzima. Hao waliwekwa kujaza macho. Mimi nawajua kwa kuangalia mapaja yao tu, msafiri wa kweli ana kitu amepakata, begi, mtoto, mfuko wa omena, hata jaketi, lakini hawa hawana chochote na wanaongea na manamba kwa jina kupitia dirishani. Ukiona watu wamekaa mikono mitupu hivyo, subiri nje. Na nauli lipa gari ikishatoka steji, isipokuwa zile sako, yaani vyama vya wenye matatu, zenye ofisi wanakukatia risiti yenye namba ya gari. Kabla ya kulipa muulize abiria wa kando pole pole, mama ni pesa ngapi mpaka pale? Toa pesa iliyo karibu na hiyo, usitoe noti ya elfu kwa safari ya mia, utashuka bila chenji na gari imeenda.

Ndani ya mji tuktuk ndizo nyingi. Kuna tuktuk ya kubeba watu pamoja na kuna ya kukodi peke yako, ni tuktuk ile ile, tofauti ni maneno mliyoongea kabla hujaingia. Ukiingia kwa ile haina mtu bila kuuliza, dereva anaweza kuhesabu umeikodi. Kwa hivyo uliza kwanza, tunabebwa pamoja ama ni ya peke yangu, na ni pesa ngapi, ndio ukae. Boda nayo kataa kabisa kubebwa wawili, sheria inaruhusu abiria mmoja na helmeti, na mimi nimeona kwa macho yangu pale Kondele mambo sitaki kuyaandika. Kama mko watatu chukueni tuktuk mchange, itatoka karibu sawa na mtafika mkiongea.

Simu isishikwe kando ya dirisha wala ukingoni mwa barabara. Ukitaka kuangalia ramani ya Google ingia dukani, angalia, kariri kona mbili, weka mfukoni, toka. Hiyo ramani ni nzuri lakini haijui gari zinajazwa wapi leo, hilo linajulikana na mama wa mandazi.

Kuna jambo linanikosesha amani zaidi ya hayo yote. Wako watu wanazunguka mjini na karatasi za vyuo, kozi ya wiki chache na kazi inakungojea, ofisi iko orofani juu ya duka la simu, ati lipa leo nafasi zinaisha. Mtoto wa mtu analipa pesa ya usajili kwa namba ya simu ya mtu binafsi na hakuna chuo. Wanangu, chuo cha ufundi lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya vyuo vya ufundi, chuo kikuu kinatambuliwa na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, na orodha hizo mnaweza kuziangalia bure kwa simu mkiwa nyumbani. Nafasi za serikali zinapitia KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi vyuo, unaomba mwenyewe kwa portal, hakuna mtu wa steji anaweza kukupatia. Pesa ya chuo inaenda kwa akaunti ya chuo ama eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na unapewa risiti. Mtu akitaja namba yake ya mpesa, amka uende, usibishane naye.

Wasichana wangu, na wavulana pia, msikubali kulala kwa mtu mliyejuana kwa Facebook ati ni mwanafunzi wa hapo atakuonyesha hosteli. Kama safari haiwezi kuisha siku moja basi lala kwa ndugu wa damu ama mahali mzazi amepiga simu mwenyewe na akaongea na mwenye nyumba. Chuo hakiendi mahali, utarudi wiki ijayo.

Mkifika chuoni msiishie kwa ofisi. Ofisi zote zina kapeti na kalenda. Omba uonyeshwe mahali pa kazi. Kama ni kozi ya kuchomelea ama ya mekanika, ingia karakana uangalie sakafu chini ya ile vaisi ya kubana vyuma, kama kuna vumbi la chuma limemwagika na mafuta yameingia kwa simiti ujue watoto wanafanya kazi hapo, kama mashine imefunikwa na nailoni na sakafu inang'aa, uliza mwanafunzi mara ya mwisho iliwashwa lini. Uliza mwanafunzi, si mwalimu. Waulize pia maji ya hosteli yanatoka siku ngapi kwa wiki, chumba cha nje ni pesa ngapi kwa mwezi na ni umbali gani, na usiku wakitoka prepu wanapita wapi. Halafu utoke getini utembee hiyo njia yote na miguu mpaka kwa vyumba, mchana ukiwa bado, uone kama kuna taa, kama kuna duka, kama kuna watu. Ukichaguliwa hiyo ndiyo njia yako ya miaka miwili, mitatu, minne. Mimi ningekuwa mzazi ningetaka nijue hiyo njia kuliko rangi ya jengo.

Beba maji na uvae viatu umevizoea, si vipya. Mvua ya Kisumu inapenda kuja alasiri baada ya jua kali, kwa hivyo mambo ya ofisi yamalize asubuhi. Na ukishuka tu asubuhi, kabla hujaenda popote, uliza pale pale magari ya kurudi kwenu yanasimama wapi na ya mwisho inatoka saa ngapi. Saa tisa uwe umeshaanza kurudi steji, saa kumi uwe ndani ya gari. Wa mbali kama Port Victoria na Chwele mtangulie hata kabla ya hapo kwa sababu mnabadilisha gari njiani, na kubadilisha gari giza limeingia sitaki mjaribu.

Wazazi, na nyinyi neno moja. Msimpigie mtoto kila dakika, kila mkipiga anatoa simu hadharani katikati ya steji na chaji inaisha. Panga naye akupigie mara tatu tu, akishashuka Kisumu, akishafika getini mwa chuo, na akishaingia gari ya kurudi, na hiyo ya mwisho akutumie namba ya gari kwa meseji. Nauli ya dharura mtumieni kwa mpesa akiwa njiani badala ya kumpa pesa yote mkononi. Na akikosa gari, mwambieni asitembee usiku kutafuta, aje tu upande wa magari ya Busia aulize mzee wa duka la soda, mimi hufunga saa tatu usiku na mama yenu nyumbani ana chumba, lakini mzazi apige simu aongee naye kwanza kama nilivyosema.

Mzee wenu,
steji ya Busia, Kisumu