Wanaomeza Dianabol wapimwe moyo, siyo ini peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji tuzungumzie vidonge vya kutunisha misuli vinavyopita mkono kwa mkono katika baadhi ya kumbi za mazoezi hapa Dar es Salaam, kuanzia zile zenye viyoyozi hadi za uani ambako vyuma ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Sisi ni wafamasia wa hospitali. Kilichotusukuma kuandika ni ushauri unaoandamana na vidonge hivyo: kijana anaambiwa anywe pamoja na dawa za mitishamba za kusafisha ini, apumzike wiki kadhaa, kisha aanze tena. Anahangaika na ini, na moyo hakuna anayeuangalia.

Dawa yenyewe ni metandienoni, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Dianabol. Ni steroidi, yaani dawa iliyoundwa kuiga testosteroni, homoni ya kiume. Kampuni ya Ciba iliiingiza katika soko la Marekani mwaka 1958 kwa ajili ya wagonjwa waliodhoofika mwili. Daktari John Ziegler, aliyeihudumia timu ya Marekani ya kunyanyua vitu vizito, akawapa wanyanyuaji wa York, Pennsylvania, nao hawakukaa na kipimo alichowaandikia. Dozi ya hospitali ilikuwa miligramu 5 hivi kwa siku. Kumbini watu humeza 20 hadi 50. Ziegler mwenyewe alikuja kujuta waziwazi. Mwaka 1983 Ciba iliiondoa dawa hiyo katika soko la Marekani, baada ya mamlaka za nchi hiyo kutaka ushahidi kwamba inamfaa mgonjwa. Viwanda vya nchi nyingine na vya uchochoroni viliendelea kuitengeneza.

Ili mtu aelewe madhara yake, inafaa ajue ilivyoundwa. Testosteroni ya kawaida ukiimeza, ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye misuli. Wakemia waliongeza kikundi cha methili kwenye kaboni ya 17 ili ini lishindwe kuivunja haraka. Hapo kidonge kikafanya kazi, na hapo hapo ini likaumizwa. Zaidi ya hayo, sehemu ya dawa hugeuzwa mwilini kuwa aina ya estrojeni, homoni ya kike, yenye nguvu. Ndiyo sababu kilo zinazopanda katika wiki za mwanzo huwa kwa kiasi kikubwa ni maji, uso unajaa, presha inapanda, na baadhi ya wanaume huota matiti. Matiti yakishakomaa hayaondoki kwa vidonge, yanahitaji upasuaji.

Sasa tuje kwenye moyo. Steroidi za kumeza za jamii hii hushusha kolesteroli nzuri, HDL, kwa kasi kubwa kuliko testosteroni ya sindano. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989, wanyanyua vyuma walipewa stanozololi, ndugu wa karibu wa metandienoni, miligramu 6 tu kwa siku kwa wiki 6. HDL ilishuka kwa asilimia 33 na kolesteroli mbaya ikapanda kwa asilimia 29. Walipopewa testosteroni ya sindano, miligramu 200 kwa wiki, HDL ilishuka kwa asilimia 9. Miligramu 6 ni kiasi ambacho kumbini kinadharauliwa.

Mishipa ikianza kuziba, damu nayo inazidi kuwa nzito kwa sababu dawa inachochea utengenezaji wa chembe nyekundu. Hospitalini, mgonjwa anayetibiwa kwa testosteroni akifikia hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ya zaidi ya asilimia 54, daktari husimamisha dawa. Anayejitibu mwenyewe hana wa kumsimamisha. Misuli ya chumba cha kushoto cha moyo inanenepa na kukakamaa, na mwisho inasukuma damu kwa shida. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wanaume 140 wanaonyanyua vyuma, wa umri wa miaka 34 hadi 54. Kati yao 86 walikuwa wametumia steroidi kwa jumla ya miaka 2 au zaidi, na 54 hawakuwahi. Kwa wasiotumia, moyo ulisukuma kwa wastani asilimia 63 ya damu iliyomo kwenye chumba hicho kwa kila pigo. Kwa watumiaji, asilimia 52. Waliokuwa bado wanatumia siku ya kupimwa walikuwa na wastani wa 49, walioacha 58. Kuacha kunasaidia, lakini moyo haukurudi wote mahali pake. Mtu huyu anaweza kuwa anabeba kilo 150 kifuani na asihisi chochote.

Ini tusilipuuze, ila lipimwe kwa akili. Vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo wengi huviita vipimo vya ini, hutoka pia kwenye misuli. Mtu akinyanyua vyuma vizito, vinaweza kubaki juu kwa siku 7 au zaidi hata kama hajameza kitu. Kwa hiyo apumzike vyuma kwa wiki moja kabla ya kipimo, au daktari aongeze vipimo vya GGT, kimeng'enya ambacho hakitoki kwenye misuli, na CK, kinachoonyesha misuli iliyoumia. Kwa upande mwingine, majibu mazuri hayamaanishi usalama kamili, kwani uvimbe wa ini na vifuko vya damu ndani ya ini vinaweza kuwepo bila vimeng'enya kupanda, na vifuko hivyo vikipasuka damu hujaa tumboni. Dalili za kukimbiza mtu hospitali siku hiyo hiyo ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, choo cheupe, mwili kuwasha, macho kuwa ya manjano, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Vidonge vya kusafisha ini havizuii hayo.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa ni uzazi. Korodani hufanya kazi kama koki yenye boya kwenye tangi la maji: homoni ikijaa damuni, tezi ya pituitari chini ya ubongo inafunga amri, na korodani zinaacha kutengeneza testosteroni na mbegu. Ukiendelea kujaza tangi kwa nje, koki inabaki imefungwa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufanyia majaribio testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume, sindano ya miligramu 200 kila wiki, na wengi wa wanaume hao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi 6. Kwa walioacha katika majaribio yale, mbegu zilirudi baada ya miezi kadhaa. Kwa anayetumia dozi kubwa za kumbini kwa miaka, inaweza kuchukua mwaka au zaidi, na wapo ambao hazirudi zote. Katika kipindi hicho nguvu za kiume zinashuka, usingizi unapotea na huzuni nzito huingia. Hapo ndipo wengi hurudia vidonge ili wajisikie sawa, na ndugu zao wanapaswa kujua kwamba huzuni hiyo inaweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua.

Kwa mwanamke, sauti ikishakuwa nzito haitarudi. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, ncha za mifupa hufunga mapema na urefu unaishia hapo.

Tunaomba pia watu wasichanganye. Prednisoloni na deksamethasoni wanazopewa wagonjwa wa pumu na magonjwa mengine nazo ni steroidi, lakini ni za kundi jingine, hazijengi misuli bali huipunguza. Mgonjwa aliyeandikiwa asiziache ghafla kwa kusoma barua hii, kwa maana kuziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu kunaweza kumwangusha kabisa.

Kilichomo ndani ya kopo nacho hakijulikani. Dawa ya bei ya juu hubadilishwa na ya bei nafuu, miligramu zilizoandikwa si zilizomo, na sindano za mafuta zinazojazwa vyumbani huleta majipu makubwa ya makalio; wanaochangia chupa moja au bomba moja wanaweza kuambukizana homa ya ini na VVU. Hata unga na vidonge vya lishe si salama moja kwa moja. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, ikakuta 94 vina homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mwanariadha ajue kwamba kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, humhesabia kilichokutwa kwenye mkojo wake, awe alijua au hakujua. Metandienoni imepigwa marufuku wakati wote, mashindanoni na nje ya mashindano, na adhabu ya kuanzia ni kufungiwa miaka 4 asipothibitisha kwamba hakukusudia. Kusubiri dawa itoke mwilini nako hakumwokoi: sampuli za Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012 zilipimwa upya miaka mingi baadaye kwa mbinu mpya, na wengi wakanyang'anywa medali kwa steroidi za aina hii.

Kwa anayetumia sasa, tunamwomba aende hospitali na aseme ukweli. Aende na kopo lenyewe. Mwananyamala, Amana na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa. Aombe presha, picha kamili ya damu, kolesteroli zote, vimeng'enya vya ini pamoja na GGT na CK, figo, kipimo cha umeme wa moyo na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Eko isipopatikana hapo, aombe rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Anayetafuta mtoto aongeze kipimo cha mbegu. Madaktari na wauguzi nao wamuulize kwa heshima, kama wanavyouliza kuhusu sigara, maana akikaripiwa mara moja hatarudi.

Kwa mamlaka, sheria ipo. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, hairuhusu dawa isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuuzwa nchini, na daftari la dawa zilizosajiliwa liko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kulitazama. Wakaguzi wanaoingia famasi na maduka ya dawa muhimu waingie pia kwenye kumbi za mazoezi, kwenye friji za vinywaji na makabati ya walimu. Marekani iliziweka steroidi hizi chini ya sheria ya dawa zinazodhibitiwa mwaka 1990, na jirani zetu Kenya wana sheria ya kupambana na dawa hizi michezoni tangu 2016. Halmashauri zinapotoa leseni za kumbi, ziweke sharti kwamba dawa ikikutwa inauzwa ndani, mwenye ukumbi atajibu.

Mwisho tunawaomba wafamasia wenzetu walioko dirishani. Kijana mwenye kifua kipana akija kuulizia tamoksifeni au klomifeni bila cheti, si rahisi awe anamnunulia mama yake mwenye saratani ya matiti. Anajaribu kuziamsha korodani baada ya vidonge. Usimuuzie, wala usimfukuze. Mvute pembeni, mpime presha, mwandikie kwenye karatasi vipimo tulivyovitaja hapo juu, na umwambie aende navyo kesho asubuhi.

Wafamasia wawili,
Ilala, Dar es Salaam